Mwisho Hautolewi kwa Mdomo

Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ambao zamani ulikuwa mlango, simu ameisimamisha juu ya mto, anaisimulia kitabu. Nyumba ilikuwa bado na matanga ya bibi yangu. Wanawake walikuwa jikoni wanachambua mchele wa hitima, kile kisomo cha marehemu, nami nilikuwa nimepanda juu kutafuta masinia. Nikamsikia akisema, "Jameni, hii riwaya itawaliza, walahi. Dadake anakufa mwishoni. Isomeni." Kisha akabonyeza simu, akatabasamu peke yake, akavuta kitabu kingine cha kusifia.

Nilimwuliza kama ndivyo wanavyofanya siku zote. Akasema ndiyo, wana kikundi chao, wasichana wa Mombasa na Malindi na wengine wa hapa hapa Lamu, na kila mmoja huwapendekezea wenzake riwaya aliyoipenda. Anayependekeza vizuri hupata mioyo myekundu mingi kwenye simu yake. Nikamwambia umeshawamalizia kisa, sasa nani atahangaika kukisoma? Akanitazama kwa ile huruma ya watoto wa siku hizi kwa watu waliozaliwa kabla ya mtandao. "Shangazi, watu wanataka kujua kwanza. Hakuna mtu yuko na time ya kupoteza."

Nilikuwa nautazama ukuta aliouegemea. Ningekuwa na nguvu ningemwambia kwamba amekaa mlangoni pa mahali ambapo sisi tulikuwa tukifanya kazi hiyo hiyo anayoifanya, bila simu, na kwamba kwetu sisi mtu aliyetoa mwisho wa kitabu kwa mdomo alifukuzwa asirudi mpaka wiki ile ipite.

Kama hujawahi kuingia katika nyumba zetu za mawe, rafiki yangu, ngoja nikueleze mahali penyewe. Nyumba ya bibi yangu na nyumba ya jirani zinatazamana, na kati yao kuna kichochoro chembamba cha kupita punda mmoja na shehena yake. Juu ya kichochoro hicho wazee walijenga chumba kinachovuka kutoka ghorofa yetu mpaka ghorofa yao. Chumba cha namna hiyo twakiita wikio. Kilikuwa na mlango upande wetu na mlango upande wao, na wanawake wa nyumba mbili waliweza kutembeleana, kuazimana chumvi, kupelekeana futari, hata kugombana na kupatana, bila mmoja wao kushuka ndiani, yaani njiani, wala kuvaa buibui. Chini ya miguu yetu punda walipita na mawe ya ujenzi, muuza mahamri alipita akinadi, watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani, walipita na mbao zao, na sisi tuko juu hatuonekani. Upepo ulipita madirisha mawili madogo yaliyotazamana. Jioni kulinukia nazi iliyokunwa, kutoka upande wowote uliokuwa na zamu ya kupika mapema.

Humo ndimo tulimokuwa na baraza letu la vitabu. Tulikuwa wasichana wachache, wa rika la kuanza kukatazwa mambo. Hatukuambiwa tusitoke, hapana, shule tulikwenda na chuoni tulikwenda, lakini zile safari za kuzurura ufukweni na kupanda juu ya mashua za watu zilikuwa zimekwisha, na mchana wa likizo ulikuwa mrefu mno. Riwaya zikatuokoa. Tulizipata tulikoweza. Kabati la shule lilikuwa na chache, zimesomwa mpaka pembe zimekuwa laini. Nyingine ziliachwa na wageni katika nyumba za kulala wageni, za Kiingereza, zinahusu wasichana wa shule za bweni wenye theluji nje ya dirisha, na tulizisoma na kamusi pembeni tukiona aibu kwa niaba yao kwa jinsi walivyowajibu mama zao. Zilizopendwa zaidi ni za Kiswahili, za vijana kama sisi, na hizo zilizunguka mpaka zikapoteza jalada.

Sheria ya baraza tuliipata kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa bara aliyeletwa kisiwani akakaa mpaka akaanza kula samaki kwa mikono miwili kama sisi. Siku moja darasani msichana mmoja alisimama kutupendekezea riwaya, akaisimulia yote mpaka harusi ya mwisho. Mwalimu akatikisa kichwa. "Ukimsifia mwenzako chakula," akasema, "usimtafunie." Basi sisi tukaichukua kauli hiyo tukaifanya sheria wikioni. Anayependekeza kitabu atakisimulia mpaka kati, pale penye moto, kisha atakata. Mwenye hamu akichukue asome. Na aliyekisoma hana ruhusa ya kuulizwa mwisho, wala hana ruhusa ya kuusema. Mwisho hautolewi kwa mdomo. Tulikuwa wakali juu ya hilo kuliko juu ya sala, Mungu atusamehe.

Bibi yangu alikuwa akikaa nasi. Hakuja kwa ajili ya vitabu, au ndivyo alivyotaka tuamini. Wikioni ndiko kulikokuwa na mwanga mzuri na upepo, na yeye alikuwa mshonaji wa kofia, zile kofia nyeupe za mkono zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja. Alikaa pembeni juu ya mkeka wake, miguu ameinyoosha, kitambaa karibu na uso, sindano inaingia na kutoka. Msahafu aliusoma kama maji, na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizisoma pia, lakini herufi za shule hakuzijua na hakuwa na haja nazo. Riwaya zetu aliziita vyuo vya upuuzi, maana kwake kitabu ni chuo. "Nyinyi na vyuo vyenu vya upuuzi," alikuwa akisema, "someni, lakini mchele usiungue."

Hata hivyo sisi tulikuwa tukiitazama ile sindano. Kitabu kikiwa cha kawaida, sindano iliendelea kwenda. Kikiwa kizuri, ilikwenda polepole. Na mara chache, mara chache sana, msimulizi akifika penye moto, sindano ilisimama katikati ya kitambaa, na Bibi akabaki ameishika hivyo, macho yapo dirishani. Hapo ndipo tulipojua kitabu ni kitabu. Tulikuwa tukiambiana shuleni, "Kisome hicho, kilisimamisha sindano." Hiyo ndiyo iliyokuwa mioyo yetu myekundu.

Mtu aliyekuwa fundi wa kuisimamisha ni binti wa jirani. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake, na mwenye kiburi cha watu wanaojua kitu kimoja vizuri. Hakuwa na haraka. Alianza kwa kutuambia harufu ya mahali, kisha viatu vya mtu, na kabla hujajua tayari uko ndani. Akifika pa kukata, hukata kweli. Hufunga kitabu, hukiweka chini ya goti, na kusema, "Mwenye hamu asome." Ungeweza kumlilia, hatoi.

Sasa inanibidi niseme jambo la mama yangu, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba za watu nilipokuwa darasa la sita. Wengi walikwenda, wengi wanakwenda mpaka leo. Mwanzoni alipiga simu dukani kwa bwana mmoja wa mtaani kwetu, na sisi tukakimbia, mimi na kaka yangu mdogo, tukapokezana ile simu yenye kunuka tumbaku. Alituuliza kama tunakula. Alisema atarudi kabla ya Maulidi. Maulidi yakaja, matari yakapigwa, wageni wakajaa mjini, yeye hakuja. Simu zikawa fupi, sauti ikawa ya mtu anayeongea huku ametazama mlango. Kisha hazikuja tena. Walioulizwa hawakujua, na waliojua, kama wapo, hawakusema. Bibi hakuwahi kusema kwamba binti yake amekufa na hakuwahi kusema kwamba yu hai. Mtu ambaye haijulikani kama amekufa hasomewi hitima. Anabaki hivyo hivyo, na watu wa nyumba yake wanabaki naye.

Likizo moja, mwezi wa Ramadhani, binti wa jirani alivuka na kitabu kisichokuwa na jalada wala jina. Akakaa, akanitazama mimi peke yangu, akasema, "Hichi chako wewe."

Kilikuwa kisa cha msichana wa mji mmoja wa bara wenye stesheni ya gari la moshi. Mama yake amekwenda mbali kupika katika kambi ya wachimba madini, na siku ya kuondoka alijifunga kitenge cha rangi ya manjano chenye ndege weusi. Akamwambia bintiye nitarudi Jumamosi moja, sikwambii ipi, maana nikikwambia utaacha kucheza siku nyingine. Basi yule msichana akawa anakwenda stesheni kila Jumamosi. Anakua. Anabadilisha viatu. Mkuu wa stesheni anazeeka, anamwachia akae kwenye kiti chake. Wenzake wanamcheka, halafu wanaacha kumcheka, na hilo la kuacha ndilo linalomtisha zaidi.

Sisi tulikuwa na saumu, midomo imekauka, lakini hakuna aliyekuwa akifikiria adhana. Binti wa jirani akashusha sauti. Jumamosi moja ya mvua gari la moshi linasimama. Watu wanashuka. Katika behewa la mwisho anashuka mwanamke amejifunga kitenge cha manjano chenye ndege weusi, rangi imepauka. Anainama kuchukua mzigo wake. Msichana anakimbia, anasimama hatua chache kutoka kwake, hawezi kuita. Mwanamke bado ameinama. Hajainua uso.

"Mwenye hamu asome," akasema binti wa jirani, akakifunga.

Nikageuka kumtazama Bibi. Sindano ilikuwa imesimama. Tulingoja iendelee, kama ilivyokuwa ikiendelea siku zote, lakini haikuendelea. Aliichomeka kwenye kitambaa, akakunja kofia, akainuka kwenda kutia wudhu ingawa wakati ulikuwa bado. Siku hiyo hakushona tena.

Mimi nilikitaka kile kitabu mpaka mwili ukaniuma. Lakini ilikuwa zamu ya msichana mwingine, na baada yake mwingine, nami nikapangiwa nikipate baada ya Idi. Na niseme ukweli, nilishukuru kungoja. Kwa muda ule wote yule mwanamke alikuwa ameinama, na maadamu ameinama aliweza kuwa yeye. Lakini wale wasichana wawili kumbe hawakukipata. Kila mmoja alipoomba, binti wa jirani alitoa udhuru, mara kinashonwa, mara kakificha kaka yake. Tulimwona mchoyo.

Idi ikapita. Tulikuwa bado tuna halwa ndani ya nyumba wakati habari zilipovuka wikio. Babu yao alikuwa amefariki zamani, warithi walikuwa wengi, wengine Mombasa, wengine Pemba, na nyumba ya mawe haigawanyiki kama embe. Iliuzwa kwa Mzungu. Majirani zetu wakafungasha, wakavuka kwenda bara, upande wa Kililana, kwenye shamba la mjomba wao. Walihama haraka, kama watu wanaoona haya. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa shuleni nafanya mtihani, na niliporudi nikavuka wikio mbio, nikakuta vyumba vitupu na misumari ukutani.

Mzungu alikuwa mtu mpole, alitusalimu kwa Kiswahili cha kitabu. Lakini alitaka nyumba yake iwe yake. Mafundi wakaja na mawe na chokaa, wakauziba mlango wa wikio. Kwa kuwa hati zao zilisema chumba ni cha upande wao, waliuziba upande wetu. Wikio yote ikabaki nyuma ya ukuta. Bibi aliwapelekea mafundi chai, maana ndivyo alivyolelewa, akasimama akitazama mpaka jiwe la mwisho. Usiniulize jinsi nilivyolia. Baraza letu likajaribu kuhamia kwenye ngazi, halafu darini, lakini halikushika. Wasichana walianza kuolewa, mimi nikapelekwa Mombasa kusoma, na Bibi akahamishia ushonaji wake ukumbini, ambako mwanga si mzuri, na macho yake yakaanza kumsaliti mapema.

Miaka mingi imepita hapo katikati na sitakuchosha nayo. Nimeolewa, nina watoto, ninafanya kazi ya ofisi Mombasa, nakuja Lamu kwa Idi na kwa misiba. Mwaka huu nilikuja kwa sababu Bibi aliacha kula.

Alikuwa amekonda, amekuwa mdogo kitandani, lakini akili ilikuwa timamu na ulimi ulikuwa ule ule. Aliniambia nimenenepa na kwamba nimejifunza kupika kwa watu wavivu. Jioni moja nilikuwa nampaka mafuta ya nazi miguuni, nikidhani amelala. Akasema bila kufungua macho, "Yule mwanamke wa gari la moshi. Aliinua uso?"

Nilisahau mikono yangu iko wapi. "Yupi, Bibi?"

"Wa chuo cha mwana wa jirani. Nina wake yule kijana. Wewe ndiwe ulokuwa ukisome."

Nina ndivyo wazee wetu wanavyosema mama. Nikamwambia sijui, Bibi. Wallahi sijui, kitabu kilikwenda nao. "Uliza," akasema.

Kesho yake akaniuliza kama nimeuliza. Nilikuwa nimeshauliza. Nilituma habari kwa kila mtu niliyemjua upande wa bara, nikaambiwa sehemu ya lile shamba ilikwenda na bandari mpya, familia imetawanyika, lakini binti yupo, ameolewa huko huko, mtu atamfikishia. Bibi akaridhika na "mtu atamfikishia". Hakuuliza tena, ila kila mlango wa chini ulipogongwa aligeuza kichwa. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, na watu walisema kufa Ijumaa ni bahati. Mimi nilikuwa namshika mkono, na nilichokuwa nikifikiria ni ule mlango.

Basi hapo ndipo tulipofika, siku ile ya hitima, mimi na masinia yangu na binti wa kaka yangu na simu yake. Nilishuka jikoni. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya vibao, nyungo magotini, wanapepeta na kuchagua mawe. Nikiwa na uchungu wangu nikawasimulia yale ya ghorofani, jinsi watoto wa siku hizi wanavyotoa mwisho wa vitabu hovyo, na jinsi sisi tulivyokuwa na sheria. Nilidhani ninawaeleza jambo wasilolijua. Wakacheka, kile kicheko cha chini cha matangani.

"Sheria yenu twaiyua sana," akasema jirani mmoja mzee, aliyekuwa rafiki wa Bibi tangu usichana. "Vyuo vyenu vyote tumevisikia. Bibi yako akitusimulia hapa hapa, tukichagua mitele ya harusi. Pale mlipokuwa mkikatia, yeye akitia mwisho wake."

"Mwisho gani? Bibi hakusoma hata kimoja."

"Akitunga! Yule mwana wa shule ya theluji alimuoza kwa mwalimu wa chuoni. Tulicheka mpaka tukatokwa na matozi."

Nilikaa chini juu ya gunia. Miaka yote ile tulidhani tunaisimamisha sindano yake tu. Kumbe kila nusu tuliyoikata aliibeba mpaka jikoni akaimaliza, na nusu ya mji ilizijua riwaya zetu kwa miisho ya bibi yangu. Nikamwuliza yule jirani kuhusu kisa cha stesheni. Akaacha kupepeta.

"Hicho akitusimulia mpaka pale mwanamke ameinama. Tukimuuliza, asema, hicho bado. Siutii mwisho mimi. Hicho kina mwenyewe, nangoja alete."

Kabla sijasema kitu tukasikia hodi. Aliyeingia alikuwa mwanamke mwembamba wa buibui lililojaa vumbi la barabara ya bara, na aliposema "Mungu awape subira" kwa ile sauti nzito, nikaijua kabla sijamjua yeye. Tulishikana hapo mlangoni. Alipewa maji, akanywa, akapewa tena. Kisha akatoa ndani ya mkoba kitu kilichofungwa kwa leso.

Kilikuwa kile kile, bila jalada, kimekuwa cheusi pembeni. Nikakifungua kwa nyuma, kama mwizi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mvua na gari la moshi na kitenge cha manjano. "Mwanamke bado ameinama," ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho, na baada yake hakuna kitu, ila vishina vya karatasi zilizochanwa.

"Nilikitwaa kwa muuza njugu," akasema binti wa jirani. Namwita hivyo mpaka leo. "Alikuwa akichana kwa nyuma afungie njugu zake. Nilimnyang'anya hapo alipofika. Mwisho wake ulikwenda na njugu za watu zamani."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mngeniuliza? Sheria haikuwapa ndia ya kuniuliza. Na mimi sikutaka mtu mwengine akipate ila wewe. Nilisema baada ya Idi takwita, tukae wikioni mimi nawe, tuandike huo mwisho sisi wenyewe. Nilidhani tuna muda tele." Akazungusha bilauri mikononi. "Nilipopata habari kwamba Bibi auliza, nikasema nenda nikamwambie. Ndia nzima kwenye boti natunga. Nimetunga mpaka nimepata mwisho mwema, hata wewe ungeupenda. Nikafika kichochoroni nasikia watu wasoma Yasini."

Sikumwuliza ni mwisho gani, na yeye hakuutoa. Tulipanda juu tukakaa mbele ya ule ukuta, mabega yamegusana, wanawake wawili wazima. Nyuma ya mawe yale wikio ipo bado. Wanasema Mzungu aliuza, na aliyenunua aliuza tena, na sasa ni chumba cha kulala wageni chenye feni na chandarua. Muuza mahamri hapiti tena kichochoroni, mwalimu wetu alirudishwa kwao, kofia zinakuja kutoka viwandani zimefungwa kwenye plastiki, na wale wasichana wengine wa baraza sijui hata mmoja wao anasoma nini siku hizi, kama anasoma. Bibi yuko chini ya mchanga. Leo anasomewa hitima yake, kwa sababu yeye tunajua amekufa.

Binti wa kaka yangu alikuwa amekwapua kitabu bila kuomba. Ni msomaji, mtoto yule, siwezi kumnyima hilo. Alikaa darini akakipitia chote mchana ule, huku chini wanaume wakisoma na ubani ukipanda ngazi. Alipomaliza akanifuata jikoni, ambako nilikuwa napakua, kidole chake bado kiko kwenye ukurasa wa mwisho.

"Shangazi, hii iko na shida. Haina mwisho."

"Najua."

"Lakini inajulikana tu," akasema. "Mimi nimesoma vingi, najua vile huwa vinaenda. Si yeye. Huyo ni mwanamke mwingine, alinunua hicho kitenge mahali. Mamake alikufa kitambo, hawakuambiwa tu."

"Nyamaza!" nikasema. "Hujui! Nani amekwambia? Umeona uso wake wewe? Hajainua uso!"

Sauti yangu ilikuwa kubwa mno. Jikoni mikono yote ikasimama. Mtoto alirudi nyuma, macho yamejaa machozi, hajui amefanya nini, maana nyumbani kwao nyanya yake wa Uarabuni hatajwi. Binti wa jirani akaniondolea mwiko mkononi taratibu. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria ya wali wa bibi yangu, nambishia mtoto juu ya kurasa zilizofungiwa njugu kabla yeye hajazaliwa.